Bi Mejumaa na Ziwa la Kwenye Kalenda

Sasa hivi mwanangu Swabaha amechukua kifuniko cha sufuria ya chai, amekikalisha mapajani, amekigonga kwa kijiko, ngo ngo, halafu akanyamaza akinitazama. Hakuwa anacheza. Alikuwa anangoja. Nami nilichelewa kumjibu kwa kuwa nilikuwa natafuta neno la kuanzia karatasi hii, basi akakunja uso, akagonga tena kwa nguvu zaidi. Nikasema, "Niko." Ndipo aliporidhika, akarudi kukilamba kijiko chake. Hajatimiza miaka miwili, na hodi hii hakuipata kwangu. Kaipata kwa mtu ninayetaka kumweleza hapa.

Mtu huyo ni Bi Mejumaa Gunga, msimamizi wa zamu ya asubuhi katika kiwanda chetu cha barafu hapa Ganjoni. Jumanne hii, tarehe 31 Machi, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mitatu. Rosebella wa ofisini, ambaye ndiye anayetengeneza jarida letu, alinitaka niandike wasifu huu mimi. Nikamwambia mimi ni mshona magunia tu, shule niliiacha kidato cha pili. Akasema jarida halina mtihani, niandike kama ninavyoongea, na saa ya kuichukua karatasi ikifika ataichukua ilivyo.

Bi Mejumaa alitoka kwao Tiwi akiwa bado msichana, akaja kuajiriwa hapa kushona magunia. Siku zile barafu ilifungwa ndani ya gunia pamoja na unga wa mbao ili isiyeyuke njiani, na mahamali wa Marikiti walikuwa wakiikimbiza kwenye mikokoteni kabla jua halijaamka vizuri. Kutoka kwenye magunia akahamishiwa kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi akapewa filimbi ya usimamizi, mwanamke wa kwanza kuivaa shingoni. Wanaume wa winchi walinung'unika kwamba mwanamke hana nguvu za kuinua makopo. Yeye akawaambia kuinua ni kazi ya winchi, kazi yake yeye ni kuiambia lini.

Na hiyo lini ndiyo iliyompa jina mjini. Kwa wasomaji wa jarida walio kwenye magari na ofisini, ambao hawaingii huku nyuma, nieleze. Maji safi tunayamimina kwenye makopo marefu ya bati, makopo tunayatumbukiza kwenye tangi la maji ya chumvi yenye baridi kali, na siku ya pili linatoka bonge refu kama mtoto wa miaka kumi. Ukilitoa mapema, kwa nje litakuwa barafu tupu, linang'aa, kumbe katikati lina maji. Mnunuzi hajafika hata Kuze, limeshapasuka. Bi Mejumaa huinama, akaligonga bonge kwa kifundo cha kidole, sikio lake karibu kama anayesikiliza umbea. Likimridhisha hupuliza filimbi. Lisipomridhisha hunyooka taratibu na kusema maneno yake mawili, "Bado. Lirudisheni." Hapo hakuna rufaa.

Siku moja alikuja mjomba wa bwana arusi mmoja wa Mji wa Kale, yeye mwenyewe, kanzu nyeupe imepigwa pasi, anataka barafu ya sharubati upesi kwa sababu wageni wameshaanza kukaa. Bonge likagongwa, likakataa. Mzee akaomba, akanuna, akamsifu Bi Mejumaa kwamba ana sauti nzuri, akanuna tena. Akapewa kigoda na kikombe cha kahawa akangoja. Alipolipata lake akaondoka bila kuaga. Jioni akaletwa mtu na sinia ya biriani na salamu kwamba sharubati ilibaki baridi mpaka akina mama wa upande wa bibi arusi walipoondoka. Na mpaka leo, kijana wake akimletea habari za mchumba asiyempendeza, mzee humjibu bado, lirudisheni. Tunaambiwa ana vijana watatu na wote hawajaoa.

Sisi pia tumeyachukua maneno hayo. Wali usioiva kwenye kantini, bado, lirudisheni. Hadithi ya Odera isiyofika mwisho, bado, lirudisheni.

Huyu Odera ni fundi wetu wa mitambo, mtu mkubwa wa umbo na wa maneno, na lazima nimweleze kwa sababu yeye na Bi Mejumaa wana deni ambalo si la pesa. Odera alipokuwa mgeni hapa, aliingia chumba cha baridi kutazama bomba, mlango ukajifunga na komeo la ndani likagoma. Mitambo inavuma, nani amsikie? Bi Mejumaa, wakati ule angali mshona magunia, akapita na kuona chai ya Odera kwenye benchi imeshika utando. Sasa, Odera haachi chai ipoe. Hata leo haachi. Bi Mejumaa akaenda mlangoni akaugonga kwa mkasi wake wa magunia, akatega sikio, na kwa ndani akasikia kitu kinagonga, taratibu sana. Wakavunja komeo. Odera akatoka na nyusi nyeupe kama babu yake, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni nani aliyekunywa chai yake.

Tangu siku ile Bi Mejumaa akaweka desturi, na desturi yenyewe imekuwa sheria kabla mabosi hawajaibandika ukutani. Haingii mtu chumba cha baridi mpaka kuwe na mtu mlangoni. Wa mlangoni anagonga, wa ndani anaitika, "Niko." Anagonga tena, anaitika tena. Na anayeshika mlango haendi popote, hata meneja akimwita. Komeo limebadilishwa zamani, sasa kuna kengele na taa nyekundu, lakini mkasi bado unaning'inia pale kwa kamba na bado tunagonga.

Mimi niliporudi kazini baada ya uzazi, Swabaha alikuwa mdogo wa kunyonya, na mama yangu alikuwa akimleta saa ya chakula kutoka Kuze amemfunga kwa leso. Mahali pa kukaa hapakuwepo. Bi Mejumaa akaisafisha stoo ya magunia, akatandika mkeka, akaniambia niingie na mtoto, yeye atashika mlango. Wanaume wakija kutafuta kamba au gunia anawarudisha. Kila kitambo anagonga kidogo kwa kucha, nami nasema niko, naye anasema kula taratibu mwanangu, hayo akimwambia mtoto. Miezi mingapi ile! Msimamizi wa zamu nzima, amesimama mlangoni kwa ajili ya mshona magunia na mtoto wake. Basi Swabaha akafikiri ndivyo dunia ilivyo, kwamba ukigonga kitu lazima kuna mtu anajibu. Nami sitaki kumwambia vingine.

Turudi kwenye mlango wa baridi. Juu yake pana kalenda. Ni ya mwaka uliokwisha zamani sana, ilitolewa na duka fulani la vipuri, tarehe zote zimefifia lakini picha ingalipo. Ni picha ya ziwa lililo juu kabisa ya Mlima Kenya, limekaa katikati ya majabali, maji yake meusi kama ya chungu, na pembeni kwenye kivuli pana weupe wa barafu. Atakayeshika mlango hana pa kutazama ila pale. Bi Mejumaa ndiye aliyeshika mlango huo kuliko sisi sote, basi hesabuni wenyewe amelitazama ziwa lile mara ngapi. Ukuta ulipopakwa rangi, fundi wa rangi aliitupa kalenda. Akaiokota kwenye takataka, akaipangusa, akairudisha. Alikuwa na swali lake moja ambalo kila mgeni aliulizwa: barafu ile nani anaigandisha, na stima haijafika kule?

Hapa kwetu anayestaafu huchagua matembezi ya kumuaga, na chama chetu cha wafanyakazi hugharimia. Wa kwanza ninayemkumbuka alichagua samaki wa kupaka. Wa pili alichagua biriani. Wa tatu alichagua biriani pia, ila kwa mwenye hoteli mwingine. Zamu ya Bi Mejumaa ilipofika Rosebella akamuuliza anataka nini, naye akanyanyua kidevu kuelekea kalenda.

Tukacheka. Kisha tukaona hacheki.

Binti yake akampigia Rosebella simu kuuliza kama tumegombana na mama yake. Daktari akayatazama magoti, akasema kwa mwaka huu yanaweza kupanda polepole, ya mwaka ujao hayatakuwa na ruhusa yake. Kwa hivyo ilikuwa ni sasa au basi. Bi Mejumaa akaanza mazoezi. Mombasa haina mlima, akatafuta ngazi. Kila jioni baada ya kazi alikuwa akipanda na kushuka ngazi za majumba ya ghorofa hapa Ganjoni, buibui limekunjwa, chupa ya maji mkononi, mpaka mawakala wa nyumba wakaanza kumfuata kumwonyesha vyumba vitupu.

Tuliondoka mwezi wa kwanza, watu watano: yeye, Rosebella, Odera, mimi, na Benard dereva. Swabaha nilimwacha kwa mama.

Sasa nieleze habari ya makoti, maana mmeshaisikia vipande vipande kantini na kila mtu anaongeza chumvi. Sisi ni watu wa barafu. Tunashinda kwenye chumba ambamo mate yanaganda. Tukajiuliza, huo mlima utatufanya nini? Kule Chogoria, chini ya mlima, tulikutana na mwongozaji wetu, mwanamke mwembamba aitwaye Kagendo, mwepesi kama mbuzi. Akatwambia kuna makoti mepesi ya kukodi. Odera akamtazama kwa huruma. Akamwambia, dada, sisi baridi ni jirani yetu, tunaazimana naye mpaka kiberiti. Akafungua buti la gari akamwonyesha makoti yetu ya chumba cha baridi, yale mazito ya buluu yenye kofia, pamoja na gambuti. Na Bi Mejumaa naye akavaa lake juu ya buibui, akajifunga mkanda, akasimama tayari. Kagendo alitazama chini muda mrefu. Nadhani alikuwa anameza kicheko.

Benard akatupeleka mpaka kambini, njia ya gari inapoishia, tukapiga mahema, yeye akabaki na gari nasi tukaanza kupanda. Koti la chumba cha baridi limeshonwa kwa mtu anayeingia, anachukua bonge, anatoka. Halikushonwa kwa mtu anayepanda. Hatujafika mbali, jasho lilikuwa linatiririka mpaka ndani ya gambuti, na upepo ulipokuja jasho likageuka likawa baridi ambayo hata sisi hatukuwa tunaijua. Ndani ya makoti tumeloa, nje tunatetemeka. Rosebella alisema anajisikia kama kopo ndani ya tangi. Ilibidi tuyavue tuyafunge mgongoni, na mtu akitutazama kwa mbali angesema hawa wamebeba magodoro wanahama. Hapo Kagendo akashindwa kujizuia, akakaa juu ya jiwe akacheka mpaka machozi, na Bi Mejumaa akakaa kando yake akacheka naye.

Nchi ile ni ya ajabu. Miti inaisha. Panabaki nyasi kavu na mimea mirefu iliyosimama mmoja mmoja kama minazi iliyovaa sweta. Bi Mejumaa aliupa kila mmoja sabalkheri. Alikuwa anakwenda kwa mwendo wake wa ngazi, mguu, pumzi, mguu, pumzi, na hakutangulia wala hakubaki nyuma. Aliyebaki nyuma alikuwa Odera.

Alianza vizuri mno, huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alikwenda mbio akituimbia. Kisha wimbo ukaisha. Kisha akaacha kuongea, na hapo sote tukaogopa. Akasema kichwa kinagonga, akatapika, akataka kukaa tu alale kidogo. Kagendo akamtazama macho, akasema ni ugonjwa wa kimo, hewa ya juu imemkataa, dawa yake ni moja tu, kushuka, na kushuka sasa hivi. Mwongozaji ni mmoja. Akimteremsha Odera, sote tunateremka.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo Kagendo alikuwa ametuonyesha ukingo mbele yetu, akasema nyuma ya ukingo ule, ukichungulia chini, ndipo ziwa lilipo. Tulikuwa tunauona ukingo. Na kesho yake jioni tulikuwa turudi Mombasa, gari limekodiwa kwa siku zake.

Nilimtazama Bi Mejumaa. Aliutazama ukingo kama mtu anavyotazama saa. Halafu akageuka, akamshika Odera mkono, akaanza kuteremka naye. Njia nzima alikuwa na kikombe chake cha bati na kijiko, na kila baada ya hatua chache alikuwa akigonga, ngo ngo, na lile jitu likijibu kwa sauti ya mtoto, niko, niko Bi Mejumaa. Aliponyamaza akagongewa tena. Hakumwacha alale wala anyamaze mpaka tukafika kambini kwenye gari.

Kule chini rangi ya Odera ikaanza kurudi. Lakini Kagendo akasema huyu asilale hapa, Benard amshushe mpaka kwenye lango la hifadhi, usiku wake uwe kule. Bi Mejumaa akaanza kufunga mkoba wake aende naye. Rosebella akamkumbusha ziwa. Akajibu ziwa limekaa pale miaka na miaka, halina haraka. Alisema hivyo kwa uso mkunjufu kabisa, huku mikono yake ikifunga kamba ya mkoba fundo juu ya fundo, fundo ambalo yeye mwenyewe, mshona magunia, asingeweza kulifungua.

Odera alikuwa kiti cha mbele, koti la buluu kichwani kama bibi arusi. Akatoa mkono dirishani, akaushika mkoba.

"Bi Mejumaa," akasema, "uliposhika mlango mimi nikatoka. Leo mlango nimeushika mimi. Ingia wewe."

"Na ukizidiwa?"

"Benard atanigongea. Mfunze kugonga, huyu, asije akanivunja kichwa."

Bi Mejumaa akazunguka upande wa dereva. Akamvua Benard kofia, akamgonga kichwani kidogo kwa kifundo cha kidole, ngo ngo, akamwambia hivyo, si kwa nguvu zaidi ya hapo, na ukisikia hajaitika, usingoje kupambazuke. Gari likashuka. Akabaki ameshika mkoba uliofungwa mafundo, na mimi na Rosebella tukakaa naye kuyafungua kwa meno.

Alfajiri tukatoka, wanawake wanne, safari hii na makoti mepesi ambayo Kagendo alikuwa ameyabeba tangu jana bila kutwambia. Magodoro yetu ya buluu tuliyaacha hemani. Bi Mejumaa alikwenda mguu, pumzi, mguu, pumzi. Tulipokaribia ukingo, ukungu ukashuka wote mara moja kama mtu aliyetufunika shuka. Nilinyoosha mkono nisiuone vizuri. Kagendo akasema kila mtu asimame alipo. Na ndani ya weupe ule nikasikia kikombe cha bati, ngo ngo. Rosebella akaitika, niko. Mimi nikaitika. Kagendo, ambaye desturi yetu ameijua jana tu, naye akaitika, tena kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Ganjoni. Tukasogea hivyo, kikombe kikigonga na sisi tukijibu, mpaka Kagendo akasema tumepita ukingo, sasa tunateremka bondeni, tuyaangalie magoti. Bi Mejumaa aliteremka sehemu ile amekaa, kama mtoto kwenye ngazi za msikiti, na hakuona haya hata kidogo.

Ukungu ukainuka tukiwa tumeshafika.

Siwezi kulieleza ziwa. Ni lile la kwenye kalenda, ila halikunjiki pembeni. Majabali yamesimama pande zote na maji yamenyamaza katikati. Kagendo akatueleza kwamba shimo lile lilichimbwa na barafu yenyewe, zamani za zamani, barafu nene kuliko majumba, ikishuka polepole na kukwangua mawe, kisha ikayeyuka ikabaki maji. Bi Mejumaa akauliza kazi yote hiyo iliifanya bila stima? Kagendo akasema bila stima. Bi Mejumaa akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema ya jamaa yake. Swali la miaka yote lilikuwa limejibiwa, na jibu lenyewe ni kwamba hakuna anayegandisha, inajigandisha.

Akaenda mpaka pembeni, kwenye kivuli cha jabali ambako jua lilikuwa halijafika. Pale maji yalikuwa yameshika ganda la barafu, safi, unaona mawe chini yake. Akavua glavu. Akachutama, magoti yakalia sote tukayasikia. Akainamisha sikio, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Sisi watatu tukaacha kupumua. Akagonga tena, pembeni kidogo. Kisha akanyooka taratibu, akatugeukia na uso wake wa kazi.

"Bado," akasema. "Lirudisheni."

Kicheko chetu kilikwenda kikapiga jabali la ng'ambo kikarudi. Rosebella alikaa chini. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na nilipomtazama Bi Mejumaa nikaona naye vivyo hivyo, amesimama mbele ya ziwa lake, mkono mmoja mdomoni, mkono mwingine umeshika kile kikombe. Alikaa pale mpaka jua likaifikia barafu na kuiyeyusha mbele ya macho yake, na alipoona imekwisha akasema haya, zamu imekwisha, twendeni.

Benard alikuja kutuchukua kambini, na kule langoni Odera alikuwa amesimama nje akitungoja, mzima, ana chai mkononi. Hakuuliza kama tumefika, uso wa Bi Mejumaa ulimtosha. Akauliza kama lilikuwa limeiva. Bi Mejumaa akasema bado. Odera akapiga funda la chai, akauliza, "Zamu ya nani hiyo?"

Basi huyo ndiye tunayemuaga. Tulitaka kumpa ile kalenda iwe zawadi, tumeitilia hadi fremu. Akaikataa. Akasema yeye ameshaonana na ziwa lenyewe, kalenda ni ya mtu wa mlangoni. Tumeirudisha mahali pake, na chini yake tumebandika picha tuliyopigwa na Kagendo, wanawake watatu na ziwa, ili mshika mlango ajue ni mahali panapofikika. Anarudi kwao Tiwi, na amesema nyumbani kwake friji haitaingia, amechoka kuzisimamia.

Mimi ameniachia kazi ya kugonga mabonge, ndivyo alivyomwomba meneja na meneja amekubali. Wiki iliyopita niligonga la kwanza peke yangu, yeye amesimama mbali akijifanya anahesabu magunia. Nikasikia maji katikati. Nikasema yale maneno mawili, kwa sauti ndogo mno, nikidhani watanicheka. Wanaume wa winchi wakalirudisha. Sijui kama wanajua siku ile nilikwenda nyumbani Kuze nikihisi nimerefuka.

Ahsante, Bi Mejumaa. Ahsante kwa milango yote uliyotushikia, ya baridi na ya stoo ya magunia. Tunakuombea uzee wa raha, magoti yasiyolalamika, wajukuu wengi wa kuwagongea vikombe, na siku ukitukumbuka uje, ngazi za Ganjoni zingali zipo. Sisi tuliobaki tutaendelea kugonga, na kila utakapoingia, Mungu akuwekee mtu mlangoni ambaye

Subiri, mlango wa stoo unagongwa. Ni kucha, si mkasi. Swabaha ameangusha kijiko na kuitika niko kabla yangu, na huyo nje anacheka, anasema keki inakatwa na watu wote wamefika ila mwandishi, anamuuliza Swabaha kama na mama yake yuko. Karatasi hii Rosebella ataikuta hapa mkekani. Mimi mwalimu wangu alinifundisha kwamba ukigongewa huulizi, humalizii sentensi, unaitika tu, basi naitika, Bi Mejumaa, niko, tuko wote wawili, tuna